Uzi wa albamu: taja MOJA tu, kisha tuambie tutege sikio wapi

#1 SikioTaratibu (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu umetokana na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita rafiki yangu wa karibu aliniomba nimtajie albamu nzuri za kusikiliza. Nilifurahi kupita kiasi. Nikakesha namwandikia orodha ya albamu 40, nimezipanga kwa miaka na kwa aina ya muziki, zile za lazima nikaziwekea nyota pembeni. Miezi kadhaa ikapita, nikamuuliza amefika wapi. Hakuwa amesikiliza hata moja. Aliniambia aliifungua ile orodha, akaona kama amekabidhiwa mtihani, akaifunga.

Iliniuma, kwa sababu alikuwa sahihi. Nilimpa majina 40 na sikumpa hata sababu moja ya kubonyeza.

Tangu siku hiyo sitoi orodha. Namtajia mtu albamu moja, halafu namwonyesha mahali pa kutega sikio: dakika fulani, ala fulani, pumzi fulani ya mwimbaji. Mtu akienda anatafuta kitu, anasikiliza. Na akishakipata, nimegundua huwa haishii pale, anaendelea mpaka mwisho.

Basi hapa tufanye hivyo hivyo. Albamu moja kwa kila mchango. Sema imetoka lini, imerekodiwaje kama unajua kwa hakika, na umwambie mwenzako aweke sikio wapi. Kusema "kali sana hii" peke yake hakumsaidii mtu.

Naanza mimi.

"Kind of Blue" ya Miles Davis, 1959. Najua wengi mmeshaisikia ikitajwa, na pengine hilo ndilo linalowaogopesha. Mtu akisikia jazz anadhani lazima kwanza asome. Hapana. Albamu hii ina nyimbo tano tu, na ilirekodiwa kwa siku mbili: tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili 1959, katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30, New York. Wanamuziki hawakupewa nyimbo za kufanyia mazoezi wiki nzima. Miles aliwaletea michoro tu, ngazi za sauti za kupitia, akawaacha watafute njia wakiwa mle mle. Ndiyo maana unawasikia wakisikilizana. Hakuna anayemkimbilia mwenzake.

Sasa sikio lako liweke hapa. Wimbo wa kwanza, "So What". Unaanza kwa piano ya Bill Evans na besi ya Paul Chambers, taratibu, kama watu wawili wanaoamka. Kisha besi inauliza, wengine wanajibu kwa sauti mbili fupi. Besi inauliza tena, wanajibu tena. Ikifika kama dakika moja na nusu, Miles anaingia na tarumbeta kupiga peke yake, na sekunde ile ile Jimmy Cobb wa dramu anagonga toazi. Pigo moja tu. Toazi linatawanyika hewani na linachukua muda kufifia, na chini yake bendi nzima inaanza kutembea. Mimi mwili hunisisimka hapo kila mara, na nimeisikiliza albamu hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Isikilize kwa spika au hedifoni yenye besi ya kutosha, maana ukimkosa Chambers umekosa nusu ya mazungumzo.

Nawasilisha. Karibuni.

#2 Besi_Nzito

Mkuu umefungua uzi wa maana. Naweka alama hapa, jioni narudi na yangu.

Nyongeza ndogo kwenye hiyo ya Miles. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka zikiwa juu kidogo ya sauti halisi, kwa sababu mashine ya utepe ya kikao cha Machi ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Watu walizisikiliza hivyo kwa zaidi ya miaka 30, mpaka zikasahihishwa kwenye matoleo ya miaka ya 1990. Kama mtu alijaribu kupiga gitaa sambamba na santuri ya zamani akaona haviendani, sikio lake halikuwa na tatizo.

#3 MgeniWaJazz

Mleta mada, mimi kwa kweli jazz sijawahi kuielewa. Kila nikijaribu naona kama kila mtu anapiga lake. Ila hilo toazi ulivyolieleza limenipa hamu. Nitalitafuta. Ntaleta mrejesho.

#4 Kiitikio

Yangu ni "The Miseducation of Lauryn Hill", 1998.

Niwaeleze nilivyoipoteza kwanza. Nilikuwa nayo kwenye simu, na simu ilikuwa imewekwa ichanganye nyimbo. Kwa karibu mwaka mzima nilisikiliza vipande vyake vikija bila mpangilio, katikati ya nyimbo za watu wengine. Mwishoni mwa baadhi ya nyimbo nilikuwa nasikia watoto wanazungumza na mwalimu darasani. Nikawa navirusha vile vipande, nikidhani ni mabaki yaliyosahaulika kufutwa.

Siku moja nikaiweka kutoka mwanzo. Kengele ya shule inalia. Mwalimu anaita majina, wanafunzi wanaitika mmoja mmoja. Anafika kwa Lauryn Hill. Kimya. Anarudia jina. Kimya.

Hayupo darasani!

Hapo ndipo nilipoielewa albamu yote. Wenzake wako darasani wanafundishwa maana ya mapenzi, yeye yuko nje anajifunza kwa kuumia, na kila wimbo ni somo alilolipata huko nje. Yale mazungumzo niliyokuwa nayarusha ndiyo uzi uliozishona shanga. Ukiukata, unabaki na shanga nzuri mkononi, lakini si mkufu.

Sauti ya mwalimu ni ya Ras Baraka, ambaye baadaye, mwaka 2014, alikuja kuwa meya wa Newark, New Jersey. Albamu ilipata Grammy ya albamu ya mwaka 1999. Lakini sikio lenu liwekeni kwenye kile kimya baada ya jina lake kuitwa. Sijui albamu nyingine inayoanza kwa mwenye albamu kutokuwepo.

#5 SikioTaratibu

Kiitikio, hapo kwenye shanga na mkufu umenimaliza. Na hilo la kuchanganya nyimbo ni janga la wengi. Mwaka 2021 Adele alipotoa "30", Spotify waliondoa kitufe cha kuchanganya kisiwe ndicho kinachotangulia kwenye kurasa za albamu, kwa ombi lake. Hoja yake ilikuwa rahisi: msanii anapanga nyimbo kwa sababu, hadithi inatakiwa isikilizwe ilivyokusudiwa.

Kwa wanaosikilizia kwenye simu, kabla ya yote angalieni mambo mawili. Kuchanganya kumezimwa? Na ile mipangilio inayoingiza wimbo mmoja juu ya mwingine imezimwa? Kuna albamu ambazo wimbo unamwagikia kwenye unaofuata kama maji, na programu ikiweka kimya cha sekunde moja tu katikati, au ikizifinyanga pamoja, imeharibu kazi ya watu.

#6 Msomaji77

Wakuu, mimi naona kama tunajidanganya. Albamu zimeshakufa. Siku hizi mtu anatoa wimbo mmoja mmoja, ukipendwa anatoa mwingine. Nani ana dakika 50 za kukaa anasikiliza mtu mmoja?

#7 SikioTaratibu

Msomaji77, swali lako ni la haki, sitaki kulikwepa.

Kwanza wimbo mmoja mmoja si jambo la siku hizi, ndiyo hali ya mwanzo. Santuri za kale zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba dakika kama tatu hadi tano kila upande. Ukitaka muziki mrefu, ulinunua santuri kadhaa zilizowekwa kwenye mifuko na kujalidiwa kama kitabu cha picha. Kitabu hicho ndicho kilichoitwa albamu, na jina likabaki hata kitabu kilipotoweka. Mwaka 1948 Columbia walileta santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yenye dakika kama 22 kila upande. Hapo ndipo msanii alipopata nafasi ya kusema jambo refu kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo albamu ilizaliwa kwa sababu ya sahani, na ikaishi kwa sababu watu waligundua inafanya kitu ambacho wimbo mmoja hauwezi.

Kitu gani? Wimbo mmoja unakupa hisia. Albamu inakupa safari ya kutoka hisia moja kwenda nyingine, na inakulazimisha upite njiani.

Na kuhusu muda: "What's Going On" ya Marvin Gaye, ya 1971, ni dakika kama 35 tu. Watu tunakaa muda mrefu kuliko huo tukivuta skrini juu chini bila kukumbuka tulichokiona.

#8 Besi_Nzito

Nimerudi kama nilivyoahidi, na mleta mada ameigusa niliyoileta. "What's Going On", Marvin Gaye, 1971.

Kaka yangu Msomaji77, jaribu hii kabla hujatangaza msiba.

Albamu ina nyimbo tisa, na karibu zote zimeunganishwa. Unaanza kwa sauti za jamaa wakisalimiana kama wamekutana kwenye sherehe, kisha saksafoni inaingia. Ile saksafoni ni ya Eli Fontaine, na alichokipiga pale alikuwa anapasha moto tu, anajiandaa kurekodi. Marvin akasema hicho hicho kinatosha.

Kingine kilichotokea kwa bahati: Marvin alikuwa amerekodi sauti yake mara mbili ili achague moja. Fundi mitambo akazicheza zote mbili kwa wakati mmoja bila kukusudia. Marvin aliposikia alivyokuwa anajiimbia na kujiitikia mwenyewe, akaziacha zote. Tangu hapo akaifanya kuwa mtindo wake. Ukivaa hedifoni unamsikia Marvin mmoja anaomba na mwingine anamfariji.

Kinachoelezwa mle ni macho ya askari anayerudi nyumbani kutoka vitani na kukuta mambo hayaeleweki. Frankie, mdogo wake Marvin, alikuwa ametoka Vietnam, na mengi yalitokana na aliyomsimulia. Kampuni yake haikuupenda wimbo wa jina la albamu ulipoletwa, ikaona hautauzika. Ulipotoka Januari 1971 ukauzika kuliko walivyodhani, na ndipo wakataka albamu nzima haraka.

Sehemu ya kutega sikio: mwisho kabisa. Wimbo wa mwisho ni "Inner City Blues". Unapodhani umekwisha, unasikia ule wimbo wa kwanza unarudi, kwa upole, kama mtu aliyezunguka mji mzima akarudi pale pale alipoanza. Hilo huwezi kulipata ukisikiliza nyimbo mbili tatu za kuchagua. Lazima uwe umetoka mwanzo ndipo kurudi kuwe na maana.

Na kwa wapenda besi wenzangu: James Jamerson. Sikilizeni vidole vyake, halafu mje mniambie kama besi ni ala ya kusindikiza.

#9 Msomaji77

Sawa mkuu. Naipakua usiku huu. Sijasema nimekubali lakini.

#10 DadaWaNyuzi21

Hodi humu. Yangu haina maneno mengi, ni nyuzi.

"In the Heart of the Moon", Ali Farka Touré na Toumani Diabaté, 2005.

Gitaa na kora (kinubi cha Afrika Magharibi), basi. Kuna besi na ngoma zilizoongezwa kidogo sehemu chache, ila moyo wake ni wapigaji wawili hao wa Mali. Ilirekodiwa kwenye ghorofa ya juu ya hoteli ya Mandé, Bamako, kando ya mto Niger. Hawakufanya mazoezi. Walikaa, wakaanza, na vipande vingi vilivyomo ni vile walivyovipiga mara ya kwanza. Ilipata Grammy mwanzoni mwa 2006, na Machi ya mwaka huo huo Ali Farka akafariki. Toumani naye ametutoka Julai 2024. Kwa hiyo siku hizi nikiisikiliza nasikia watu wawili waliokwenda, lakini mazungumzo yao bado yanaendelea chumbani.

Kora ina nyuzi 21. Mara ya kwanza utaona kama Toumani ana mikono minne: dole gumba moja linashika besi, jingine linashika mwendo, na vidole vya shahada vinamwaga maji juu. Usimsikilize yeye kwanza. Kila mtu humkimbilia yeye. Msikilize Ali Farka. Anapiga sauti chache, anarudia, anasubiri. Wimbo wa kwanza wote, fuata gitaa peke yake. Kisha rudia, ufuate kora peke yake. Mara ya tatu acha zote zije. Utajua kwa nini mtu aliyeweza kupiga kwa kasi alichagua kukaa kimya ili mdogo wake aruke.

Mama yangu ni mgonjwa wa muda mrefu na usingizi wake ni mgumu. Albamu hii ndiyo huwa naiweka chumbani kwake kwa sauti ndogo. Hajui hata majina ya wapigaji. Ananiambia tu, "weka wale wazee."

#11 SikioTaratibu

Dada, pole kwa kuuguza, na asante sana. "Weka wale wazee." Sidhani kama kuna pendekezo zuri kuliko hilo.

Kwa atakayemaliza hiyo na akataka jirani yake: kampuni iliyoitoa, World Circuit, ndiyo iliyotoa "Buena Vista Social Club" ya 1997. Ile ilirekodiwa Havana Machi 1996, na mpango wa awali ulikuwa kuwakutanisha wapigaji wa Mali na wa Kuba. Wamali hawakufika, shida ikiwa ni hati za kusafiria. Muda wa studio ukiwa umeshalipiwa, wakatafutwa wazee wa Kuba wenyewe. Ibrahim Ferrer alikuwa na miaka 69, ameshaacha kuimba, alikuwa anang'arisha viatu. Rubén González wa piano alikuwa na 76. Compay Segundo 88! Ule mpango wa kwanza ulikuja kutimia baadaye, albamu ikaitwa "AfroCubism", ya 2010, na Toumani yumo.

#12 Mkongwe_Fulani

Vijana, naona mmekwenda mbali. Je, mliokulia kwenye Kiswahili hamna albamu ambayo mnaelewa kila neno?

"Songs for the Poor Man", Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, 1989. Jina la nje ni la Kiingereza kwa sababu ilitoka kwa lebo ya Real World ya Uingereza, ila ndani ni Kiswahili. Kuna wasikilizaji wengi duniani wanaoipenda bila kuelewa anachosema. Wanasikia gitaa, wanacheza, wameridhika. Sisi tuna bahati kubwa kuliko yao. Tunasikia gitaa *na* tunasikia mtu anayezungumza na mnyonge kama anamshika bega.

Mtafuteni kwenye "Kipenda Roho". Jina lenyewe tu mswahili akilisikia methali inajimalizia kichwani. Tega sikio kwa gitaa, hakuna hata moja linalokaa kimya kumngoja mwingine. Hili linasuka, lile linafumua, na Remmy anapita katikati yake na sauti yake nzito yenye kokoto. Alizaliwa Kongo, akaja Tanzania 1978, akafariki Desemba 2010. Watu walimwita Dokta, na walikuwa na sababu.

Nilichojifunza kwake ni kwamba muziki wa kucheza hauhitaji kuwa na maneno mepesi. Mguu uko kwenye mdundo, kichwa kiko kwenye kifo, umaskini na haki. Vyote kwa pamoja, na hakuna kinachomzuia mwenzake.

#13 Kiitikio

Mzee shikamoo. Hapo umetukumbusha nyumbani kwa lugha. Nikiruhusiwa niongeze moja ya upande wa kizazi chetu: "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay, 2001, kwa ajili ya "Ndio Mzee". Mgombea anaahidi, umati unaitika. Sikilizeni umati, si mgombea.

#14 Mkongwe_Fulani

Marhaba. Hiyo hata mimi naikubali.

#15 Sindano

Naomba kuuliza, mikusanyo inahesabika? Maana yangu ni "Éthiopiques" namba 21, ya 2006, ya mtawa wa Ethiopia Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Ni piano tupu. Nyingi ya nyimbo zake zilirekodiwa miaka mingi kabla ya kukusanywa. Mama huyu aliishi mpaka Machi 2023, akafariki Jerusalem akiwa na miaka 99.

Siwezi kueleza vizuri mkono wake. Unaanza sentensi, unasita, unaongeza neno, unarudi nyuma kidogo. Hapigi kwa kufuata saa. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisimama nilipokuwa, nikaacha nilichokuwa nafanya.

#16 Besi_Nzito

Mkusanyo si albamu, mkuu. Albamu ni kazi iliyokusudiwa. Mkusanyo ni mtu mwingine kachagua baadaye.

#17 Sindano

Na kama huyo mtu mwingine kachagua kwa sikio zuri? Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwenye zile santuri za dakika chache kila upande. Hakuwahi kuwa na "albamu" kwa maana yako, sahani ya kuibeba haikuwepo. Bila wakusanyaji, sauti yake ungeipatia wapi leo? Tukifuata sheria yako, nusu ya muziki wa Afrika tunaufungia mlango nje.

#18 SikioTaratibu

Mimi hapa naegemea kwa Sindano. Besi_Nzito ana hoja kwamba kukusudia ni jambo la pekee, na uzi huu nimeuanzisha kwa sababu ya kukusudia huko. Lakini kanuni yangu ni sikio. Ukiweza kuisikiliza toka mwanzo hadi mwisho na ikakubeba kama kitu kimoja, ilete. Emahoy inakubeba. Imepita.

#19 Besi_Nzito

Ngoja niisikilize kwanza ndipo nibishe.

#20 Kava_Mbele

Swali kwa wajuzi: kwa nini albamu nyingi za zamani wimbo wa polepole unakaa mwisho wa upande? Nimeliona mara nyingi mno, nikajua haliwezi kuwa bahati.

#21 Sindano

Si bahati, ni sahani yenyewe. Santuri inazunguka kwa mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho, lakini sindano inaanza ukingoni ambako duara ni kubwa, inamalizia karibu na katikati ambako duara ni dogo. Kwa hiyo katika sekunde moja, sindano ikiwa nje inapita kwenye mfereji mrefu, ikiwa ndani inapita kwenye mfupi. Sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi ndogo. Sauti kali na za juu zikibanwa hivyo zinakwaruza. Ndiyo maana maprodyuza walipenda kuweka wimbo wenye fujo mwanzo wa upande na wenye utulivu mwisho.

Halafu angalia uzuri wake. Kilichoanza kama udhaifu wa sahani kikawa mazoea ya masikio: unaingia kwa kishindo, unatoka kwa utulivu, unageuza upande, unaanza upya. Kila albamu ilikuwa na mianzo miwili na miisho miwili. Sidii ilipokuja 1982 na dakika zake 74, ule mgeuko ukatoweka, na albamu nyingi zikarefuka bila sababu ya kurefuka. Mimi mpaka leo nikisikiliza albamu ya zamani kwenye simu natafuta upande wa pili unaanzia wapi, nasimamisha, napumua dakika moja, ndipo naendelea. Jaribuni.

Wengine waliitumia sahani kwa njia nyingine. Fela Kuti wa Nigeria kwenye "Zombie", ya 1976, kila upande ni wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 12. Bendi inazunguka dakika kadhaa kabla hajafungua mdomo. Anayeruka mbele kutafuta sauti ya Fela anamkosa Tony Allen kwenye dramu, na mimi nasema mlango wa wimbo ule ni dramu.

#22 DadaWaNyuzi21

Sindano, la kusimamisha katikati nimelifanya leo na "What's Going On". Ni kweli, unaona kama umeingia chumba kingine.

Ila naomba niwakumbushe ya kutoelewa maneno, maana Mzee hapo juu kaeleza raha ya kuelewa. Kuna raha nyingine. "Miss Perfumado" ya Cesária Évora, 1992. Anaimba Kikrioli cha Cabo Verde, sijui neno hata moja zaidi ya "sodade", ile hamu ya aliye mbali. Na pia "En Mana Kuoyo" ya Ayub Ogada, 1993, nyatiti yenye nyuzi nane na sauti ya mtu anayeimba kama hataki kumwamsha mtoto. Nilisikiliza "Kothbiro" kwa miaka kabla mtu hajaniambia maana yake ni mvua inakuja. Nilikuwa nimeshaisikia mvua.

#23 SikioTaratibu

Dada umetaja mbili, sheria inasema moja. Lakini kwa sentensi hiyo ya mwisho nakusamehe.

#24 Msomaji77

Nimerudi wakuu.

Nimeisikiliza "What's Going On" yote, taa zimezimwa, simu nimeigeuza kifudifudi. Sikuamini ilipofika mwisho kwa sababu sikuona zilipokuwa zinabadilika. Nilidhani bado niko wimbo wa tatu. Ule wimbo wa kwanza uliporudi mwishoni nilikaa kitako.

Nilisema albamu zimekufa. Nafuta kauli. Nadhani mimi ndiye niliyeacha kuzisikiliza.

#25 Besi_Nzito

Karibu sana ndugu yangu. Na mimi nimeisikiliza Emahoy. Sibishi tena.

#26 MgeniWaJazz

Mleta mada, mrejesho kama nilivyoahidi.

Mara ya kwanza sikulisikia toazi. Simu iliita kwenye dakika ya kwanza na nusu, hasa pale pale. Nikaanza upya. Besi ikauliza, wakajibu, ikauliza, wakajibu, nikawa nimeshika pumzi kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Likagongwa. Nimelirudia mara sita. Kinachonishangaza si pigo lenyewe, ni linavyokaa hewani wakati tarumbeta tayari imeshaanza kuzungumza.

Baada ya hapo nikaacha iendelee. Kuna saksafoni mbili, au ni mtu mmoja kabadilika? Moja inakuja kama mtu ana haraka ya kueleza mengi, nyingine kama anacheka.

#27 SikioTaratibu

Ni wawili, na umewatofautisha bila kufundishwa na mtu! Mwenye haraka ni John Coltrane, tenori, anaingia baada ya Miles. Anayecheka ni Cannonball Adderley, alto, anamfuata. Wiki iliyopita ulisema kila mtu anapiga lake, leo unawajua kwa tabia zao.

Usifungue albamu nyingine kwanza. Nenda upande wa pili, wimbo wa "All Blues". Safari hii achana na tarumbeta, achana na saksafoni zote mbili, mfuate Paul Chambers peke yake toka sekunde ya kwanza. Kuna kitu kifupi anachokirudia. Ukishakishika, njoo uniambie kinakufanya ufikirie nini.